Jirani Aliyezidiwa na Dawa: Somo Juu ya Polisi na Kuokoa Maisha

Somo la kusoma nyumbani au katika kikundi. Kabla ya kuanza, soma Luka 10:25–37.



Mwezi huu twaleta somo ambalo baadhi yenu mtasema si la kanisani. Twaomba mlisome mpaka mwisho kabla ya kuamua. Linahusu mtu aliyezidiwa na dawa za kulevya, yaani aliyetumia kipimo kikubwa kuliko mwili wake unavyoweza kuchukua, hata akaanguka na pumzi ikawa inamwisha. Linahusu pia askari polisi, kwa kuwa katika nchi nyingi mtu akiita msaada kwa ajili ya mgonjwa wa namna hiyo, anayefika kwanza huwa ni askari. Swali letu ni hili: kufika kwa askari kunaokoa maisha au kunayapoteza? Tutaona ya kuwa jibu si moja.

Twajua ya kwamba katika mitaa yetu wamo wazazi wenye watoto wanaotumia heroini, ambayo vijana huiita unga. Wengi hawasemi. Twajua pia ya kuwa wamo waumini wenzetu walio polisi, na wengine ni wake na watoto wa polisi. Hatuandiki ili kumshitaki yeyote kati ya hawa. Twaandika kwa sababu kifo cha namna hii mara nyingi chaweza kuzuiwa, na mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kuita msaada mapema.

1. Dakika chache tu

Heroini ni ya jamii ya afyuni. Katika jamii hiyo zimo pia mofini, ambayo madaktari huitumia kutuliza maumivu makali, na fentanili, iliyo kali zaidi mara nyingi kuliko heroini. Dawa hizi zote zikizidi mwilini hufanya kazi moja ya hatari: hulaza ile sehemu ya ubongo inayouamuru mwili upumue. Mtu hapigi kelele wala hatapitapi. Anasinzia tu, kisha pumzi inapungua, kisha inakatika. Midomo na kucha hubadilika rangi zikawa za kijivu au buluu. Mboni za macho huwa ndogo kama kichwa cha pini. Pengine hukoroma kwa sauti nzito, na wenzake hudhani amelala usingizi mzuri, wakamwacha. Asubuhi wanamkuta amekwisha kuwa baridi.

Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika katika muda wa dakika nne hadi sita hivi. Lakini kwa kawaida pumzi haikatiki mara moja. Hupungua kidogo kidogo, na hapo ndipo penye nafasi ya kumwokoa mtu.

Tena dawa ya kuokoa ipo. Huitwa naloksoni. Iligunduliwa katika miaka ya 1960, na Marekani iliruhusu itumike hospitalini mwaka 1971. Kazi yake ni kuing'oa ile dawa ya jamii ya afyuni mahali iliposhika katika ubongo, na mtu huanza kupumua tena kwa muda wa dakika mbili tatu. Hudungwa kwa sindano, au hupulizwa puani. Haileweshi, wala haimdhuru mtu ambaye hakutumia afyuni. Upungufu wake ni kwamba nguvu zake hudumu dakika 30 hadi 90 tu, na heroini au fentanili iliyobaki mwilini yaweza kumlaza mgonjwa tena. Kwa hiyo aliyeamka hapaswi kuachwa peke yake. Yafaa aangaliwe na waganga.

Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dawa hii isifungiwe hospitalini tu, bali wapewe, na kufundishwa kuitumia, watu wote wanaoweza kuwapo mtu anapozidiwa: rafiki, ndugu wa nyumbani, na watumishi wanaofika kwanza, pamoja na polisi.

2. Kwa nini hakuna anayeita

Tuchukue mfano. Vijana watatu wameingia katika pagale usiku. Mmoja wao anajidunga, anainama, haamki. Wenzake wanamtikisa, wanamwagia maji, wanampiga makofi. Haamki. Mmoja ana simu mfukoni. Je, atapiga?

Tujiweke mahali pake. Mfukoni mna simu, lakini mna na kete mbili. Sakafuni kuna bomba la sindano. Labda yeye ndiye aliyenunua mzigo wa leo kwa fedha walizochanga wote watatu. Labda amekwisha kukamatwa mara mbili, na akikamatwa ya tatu atafungwa. Anajua ya kuwa akiita, watakuja watu wenye sare. Basi anafanya hesabu ya haraka, naye ni mtu mwenye hofu na kichwa kizito: nikiita, nitafungwa, nisipoita, labda ataamka mwenyewe. Anaondoka. Pengine ana huruma kidogo, anamburuta mwenzake mpaka kando ya barabara ili aonekane na wapita njia, kisha anakimbia.

Ni rahisi kusema kijana huyu ni mwovu. Lakini tukumbuke ule mfano wa Bwana wetu. Kuhani na Mlawi waliompita majeruhi hawakuwa wanyang'anyi. Bwana hakutueleza kwa nini walipita upande wa pili. Waalimu wengi wamefikiri ya kuwa waliogopa: kuogopa wanyang'anyi wasiwe bado karibu, au kuogopa unajisi wa maiti. Kama ni hivyo, hofu ndiyo iliyowapitisha. Na hofu hii ya kijana wetu haikutoka hewani. Imejengwa na yale aliyoyaona na kuyasikia juu ya askari kwa miaka mingi.

3. Sheria iliyopewa jina la Msamaria

Jambo hili limechunguzwa sana Marekani, kwa kuwa huko msiba ni mkubwa mno. Katika kila mmoja wa miaka ya 2021, 2022 na 2023 walikufa huko watu zaidi ya 100,000 kwa kuzidiwa na dawa, wengi wao kwa fentanili. Mwaka 2024 idadi hiyo ilishuka ikawa kama 80,000, nayo bado ni idadi ya kutisha.

Mwaka 2007 jimbo la New Mexico lilikuwa la kwanza nchini humo kutunga sheria ya kumlinda anayeita msaada. Sheria hiyo yasema hivi kwa ufupi: mtu akiita msaada kwa ajili ya aliyezidiwa, yeye na mgonjwa hawatashitakiwa kwa kosa la kukutwa na dawa kidogo za kutumia wenyewe, ikiwa ushahidi umepatikana kwa sababu ya kuita huko. Baadaye majimbo mengi yalifuata. Canada ilitunga sheria yake kwa nchi nzima, ikaanza kutumika mwezi Mei 2017. Watu wa huko huziita sheria hizi kwa jina la Msamaria Mwema. Watunga sheria walilichukua jina hilo katika Injili ya Luka, na sisi tulisomao fungu hilo kila mara yafaa tujue limefika wapi.

Jimbo la Washington lilitunga sheria yake mwaka 2010. Wataalamu wakaenda kuwauliza watumiaji wa heroini na kuwauliza polisi. Kati ya watumiaji, 88 katika kila 100 walisema ya kuwa, sasa wanapoijua sheria hiyo, wana nia zaidi ya kuita msaada. Kati ya polisi, 62 katika kila 100 walisema sheria haitabadili mwenendo wao, kwa kuwa hata hapo kwanza wasingemkamata mtu kwa kosa hilo mahali penye mgonjwa aliyezidiwa.

Tuyaweke majibu haya mawili pamoja, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Askari wengi walisema: hatukuwa na nia ya kuwakamata. Watumiaji walisema: kwa kuwa sasa twajua hatutakamatwa, tutaita. Maana yake ni kwamba mtu aweza kufa kwa kuogopa askari ambaye hakukusudia kumdhuru. Nia njema iliyofichika moyoni mwa askari haikumfaa mgonjwa, kwa sababu yule mwenye simu hakuijua. Kinachompigisha mtu simu ni kile anachokiamini juu ya askari katika dakika ile. Na imani hiyo haijengwi usiku wa msiba. Hujengwa kabla, siku za kawaida, kwa matendo ya polisi na kwa maneno yetu sisi wengine.

4. Askari mwenye dawa mfukoni

Njia ya pili ni kumpa askari kazi mpya. Katika mji wa Quincy, jimbo la Massachusetts, tangu mwaka 2010 askari wa doria walianza kubeba naloksoni ya kupuliza puani. Sababu yake ni rahisi. Gari la wagonjwa hukaa kituoni likingoja kuitwa, lakini gari la polisi huzunguka mitaani mchana na usiku. Kwa hiyo mara nyingi askari hufika mbele ya mganga. Zamani alifika akasimama kumtazama mtu anayekufa mpaka gari la wagonjwa lije. Sasa anapiga magoti na kumpulizia dawa. Idara nyingi za polisi nchini humo zimeiga mfano huo.

Ng'ambo ya bahari, nchi ya Scotland, yenye watu kama milioni tano na nusu, ilipoteza watu 1,339 kwa dawa za kulevya katika mwaka 2020 peke yake. Mwezi Machi 2021 polisi wa huko walianza kujaribu kubeba naloksoni katika sehemu chache, pamoja na Dundee, Falkirk na Glasgow. Wapo askari waliosita. Waliuliza: je, nikimpulizia dawa naye akafa, nitalaumiwa mimi? Je, sisi ni polisi au ni wauguzi? Maswali hayo yalikuwa ya haki, yakajibiwa kwa mafunzo. Mwaka 2022 iliamuliwa nchi nzima ifuate, na vifaa vikagawiwa kwa askari wapatao 12,500.

Iko na njia ya tatu. Katika mji wa Vancouver, Canada, polisi waliweka kanuni katika miaka ya 2000 ya kutokwenda kila mahali mtu anapozidiwa na dawa, ikiwa waganga hawakuwaomba, hakuna hatari kwa watu, na hakuna aliyekufa. Wao waliona ya kuwa wakati mwingine msaada mkubwa wa askari ni kumwachia njia mganga.

Msomaji ataona njia hizi za askari zinapingana: moja yamleta mbele na nyingine yamrudisha nyuma. Lakini zote zina shabaha moja, yaani kwamba mwenye simu asiogope kuipiga. Mahali ambapo magari ya wagonjwa ni mengi, askari aweza kubaki nyuma. Mahali ambapo yeye ndiye atakayefika kwanza, heri aje na dawa kuliko kuja na pingu peke yake.

5. Pale sheria moja inapoibomoa nyingine

Tusidhani ya kuwa kutunga sheria kunamaliza kazi. Sheria ya Canada humlinda mtu kwa kosa la kukutwa na dawa na kwa makosa machache yaliyo karibu na hilo. Haimlindi aliyekwisha kutolewa hati ya kukamatwa kwa kosa jingine, wala anayeuza. Hivyo wengi wenye shida zaidi hubaki nje ya ulinzi huo.

Tena Marekani, mwaka 1986, baada ya kijana mcheza mpira wa kikapu aliyejulikana sana, Len Bias, kufa kwa kokeini, ilitungwa sheria ya kumfunga kwa miaka isiyopungua 20 mtu aliyegawa dawa iliyomwua mwingine. Ilikusudiwa kuwapata wauzaji wakubwa. Lakini kugawa si kuuza tu. Hata rafiki aliyekwenda kununua kwa fedha za wote na kumpa mwenzake sehemu yake aweza kuitwa mgawaji. Kijana huyu akikumbuka sheria ya kwanza atapiga simu. Akikumbuka ya pili atakimbia. Mkono mmoja wafungua mlango, mwingine waufunga.

Liko na jambo jingine linalowahusu sana wazazi. Mwaka 2007 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika lile jimbo la Washington juu ya watu waliotoka gerezani. Ilionekana ya kuwa katika majuma mawili ya kwanza baada ya kufunguliwa, hatari yao ya kufa kwa kuzidiwa na dawa ilikuwa mara 129 ya hatari ya watu wengine wa jimbo hilo. Sababu yake ni hii. Mwili uliozoea heroini huweza kuchukua kipimo kikubwa. Ukikaa gerezani pasipo dawa, mazoea hayo hupotea, lakini tamaa haipotei. Mtu anatoka, anarudia kile kipimo chake cha zamani, na kipimo hicho sasa chamwua.

Twawajua wazazi waliochoka, ambao wameibiwa mpaka sufuria, wakaenda wenyewe kituoni kusema: mchukueni huyu, akae ndani apate adabu. Hatuwahukumu. Lakini yawapasa wajue ya kuwa siku ya kumtoa ndiyo siku ya hatari. Kama mwanao amefungwa miezi mitatu, usishangilie tu kwamba amenenepa. Mngoje mlangoni, umlete nyumbani, usimwache peke yake majuma yale ya kwanza, na umweleze wazi ya kuwa mwili wake wa leo si ule wa zamani.

6. Kwetu Afrika Mashariki

Huenda mtu akasema: haya ni ya Wazungu. Sivyo. Heroini itokayo Afghanistan imepita katika pwani yetu kwa majahazi kwa miaka mingi, na sehemu yake imebaki: Mombasa, Malindi, Lamu, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, kisha ikapanda bara. Serikali zetu zimekwisha kukiri ya kuwa mtumiaji ni mgonjwa wa kutibiwa. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwezi Februari 2011, na Kenya ilianza mwezi Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, ikamwondolea mtu arosto na haja ya kutafuta unga. Mateja waliokuwa wakilala vibarazani wamerudi kazini na kwa watoto wao kwa msaada wa dawa hiyo.

Hata hivyo sheria ya Kenya ya mwaka 1994 na sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 zahesabu kukutwa na heroini kuwa kosa la jinai. Msomaji asidhani ya kuwa ile kinga ya New Mexico au Canada itamfuata hapa. Basi ile hesabu ya hofu tuliyoieleza katika pagale ni hesabu ya vijana wetu pia.

Kwetu kuna na kizuizi kingine, ambacho twakitengeneza wenyewe. Watanzania tumezoea fomu ya polisi nambari tatu, PF3, kwa majeruhi wa ajali na ugomvi. Mazoea hayo yamewafanya wengi wadhani ya kuwa kila anayeanguka ghafla lazima apitishwe kituoni kwanza. Mtu aliyezidiwa na dawa hana nafasi ya kupitishwa popote. Apelekwe hospitali moja kwa moja. Na kwa wasomaji wetu wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, yasema ya kuwa mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Haikusema isipokuwa teja.

7. Yatupasa kufanya nini

Kwanza, tujifunze kuokoa. Ukimkuta mtu hajitambui, mwite kwa sauti na umsugue kwa nguvu katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoitikia, na pumzi ni chache au hana, ita msaada mara moja, au mtume mtu atafute gari, hata bajaji. Katika simu anza na lililo kubwa: hapumui vizuri, yuko mahali fulani. Wakati mnangoja, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano. Kama ipo naloksoni, mpe. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu asije akapaliwa na matapishi. Usimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, maana hawezi kumeza, atapaliwa. Usimdunge kitu chochote kisichokuwa dawa yake. Ukifika hospitali, mwambie daktari kweli yote juu ya kile alichotumia, wala usimshushe getini ukatoweka.

Pili, tuzungumze na polisi wetu kabla ya msiba. Wazee wa kanisa huwaalika viongozi wa serikali kwenye sherehe za parokia. Mwaalikeni na mkuu wa kituo. Mwulizeni kwa heshima: mtu akiita msaada kwa ajili ya aliyezidiwa na dawa, askari wako watafanya nini? Kama jibu ni jema, mwombeni alitangaze, ili vijana wa vijiweni walisikie kwa masikio yao. Tuliona huko Washington ya kuwa nia njema isiyojulikana haiokoi mtu. Na ninyi ndugu zetu mlio polisi, twajua kazi yenu ni ngumu. Mwaingia gizani msikojua kuna nini, kuna sindano sakafuni, na mkubwa wenu anadai taarifa. Lakini mahali pale mgonjwa ni wa kwanza. Kete haitakimbia, roho ya mtu inakimbia.

Tatu, tuchunge ndimi zetu. Kijana anayesikia kila siku kwamba teja ni mwizi na afe tu, hataamini ya kuwa akiita usiku kuna atakayekuja. Mama wa nyumba ya pili asiposema shida ya mwanawe kwa kuogopa aibu, hatajifunza hata hayo machache tuliyoyaandika hapa. Umoja wa Kina Mama waweza kuwa mahali pa kwanza ambapo neno hili linasemwa bila kunong'ona.

Tumalizie pale tulipoanzia, katika njia ya kwenda Yeriko. Yule Msamaria hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita njia ya hatari peke yake. Hakungoja kujua kama ni mtu mwema. Alifunga jeraha kwa alivyokuwa navyo, mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia gharama, akaahidi kurudi. Naye alijihatarisha, maana mgeni wa kabila linalodharauliwa, akionekana na mtu aliyejaa damu, angeweza kudhaniwa kuwa ndiye aliyempiga. Hatari hiyo hiyo ndiyo inayomkabili leo kijana mwenye simu katika pagale. Twamdai awe Msamaria. Basi na sisi, raia na askari, tumfanyie njia iwe nyepesi, ili akiita, asije akajuta kwamba aliita.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini nia njema ya askari haitoshi peke yake kumwokoa aliyezidiwa na dawa?

2. Katika njia za Quincy, Scotland na Vancouver, ni ipi ingefaa mahali petu, ukifikiri ni nani anayeweza kufika kwanza?

3. Mzazi aliyemfungisha mwanawe ajiandae namna gani kwa siku ya kufunguliwa kwake?

4. Je, parokia yetu imekwisha kuzungumza na kituo cha polisi juu ya jambo hili? Kama bado, nani atakwenda, na lini?

5. Mtu akianguka usiku huu karibu na nyumba yako, ni nani kati yenu ajuaye kumpulizia pumzi, na gari litapatikana wapi? Jibuni swali hili kabla ya kuondoka kikundini.